Nondo Inayokunywa Maji

Amu yangu alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe usoni, na huyo ng'ombe alimvunjia ndoa. Nasema ukweli. Alipooa mke wa pili, yule mama kila akiinama kukamua, ng'ombe anarusha teke, maziwa yanamwagika, ndoo inabingirika mpaka kwa migomba. Akikamua mke wa kwanza, ng'ombe anatulia kama amepigiliwa misumari. Siku ya kwanza watu walicheka. Wiki ya pili walinyamaza, na watu wa boma wakinyamaza ni vibaya kuliko kelele. Wiki ya nne bibi mmoja akasema kwa sauti kile kila mtu alikuwa anakitafuna mdomoni: huyu amekuja na mkosi. Mvua ilipoanza, yule mama alifunga nguo zake akarudi kwao. Hakuna aliyemsindikiza hata mpaka barabarani.

Mwaka uliofuata akaja mnunuzi wa ng'ombe, mtu mnene, funguo nyingi zikining'inia kwa mshipi. Ng'ombe akamrushia teke. Mnunuzi akacheka, akatoa funguo akaziweka chini, akamshika tena. Ng'ombe kimya. "Huyu hapendi kitu kinacholia karibu na yeye," akasema, akaendelea kumhesabu meno. Hapo ndipo nilikumbuka bangili. Yule mama alikuwa na bangili sita za shaba, na zilikuwa zinagongana akikamua. Mimi nilikuwa nimeanza kunyoa ndevu, macho ninayo, bangili nimeziona kila asubuhi, na sikufikiria kitu. Amu hakumfuata. Aliuza ng'ombe.

Basi, sikutaka kuwaambia habari za ng'ombe. Nilitaka kuwaambia habari za fundi mmoja wa kompyuta. Lakini shule mimi niliachia darasa la tatu, kwa hivyo sijui kuanzia mahali panapotakiwa. Naanzia pale mguu umekanyaga.

Huyu fundi alikaa Gatwekera, kule Kibera, na kwetu Kawangware alikuwa anakuja kwa miguu. Kila mara. Boda boda wangemwita, "Fundi, panda twende," na yeye angeinua mkono mmoja tu kama anafukuza nzi, anaendelea. Nilimuuliza kwa nini asipande, mtu wa umri wake. Akaniambia njiani ndiyo anafikiria, na kwa pikipiki mtu hafikirii, anaomba Mungu.

Vyombo vyake aliviweka ndani ya kopo la bati la biskuti, lile la mviringo ambalo nyumba nyingi huwekea sindano na nyuzi. Ndani mlikuwa na bisbisi tatu, brashi ya kupaka rangi aliyoikata nywele, raba ya kufutia penseli kama ya watoto wa shule, na kipande cha kitambaa cha pamba. Hakuna kingine. Nimeona vijana wakija na mabegi ya vyombo yenye mifuko kumi na wanashindwa. Yeye alikuwa anafungua kompyuta, anatoa kile kijiti cha memori, anakisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, anarudisha, na mashine iliyolala wiki mbili inaamka.

Hakusalimu kwa mkono. Hili lilinikera sana mwanzoni. Kwetu mtu akikataa mkono wako amekutukana wewe na aliyekuzaa. Nilimpa mkono siku ya kwanza, akaniangalia usoni vizuri, akatikisa kichwa kwa heshima na kusema, "Mzee, habari ya asubuhi," mkono wangu umebaki hewani kama wa konda. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipofika kazini kitu cha kwanza alichoshika ni chuma cha dirisha. Anakishika kabisa, kiganja chote, anahesabu polepole, ndiyo anagusa mashine. Kutoka hapo mpaka kazi iishe hagusi mtu.

"Unaomba?" nilimuuliza.

"Naacha mzigo," akasema. "Mtu anatembea na stima kwa nguo, umeme mdogo mdogo, mzee. Wewe hausikii, mashine inasikia."

Nilidhani ananichezea. Mimi ni seremala, mbao haina maneno kama hayo.

Sasa msimdhanie malaika. Tulikuwa tunacheza drafti na visoda, vile vifuniko vya chupa, mimi vya chungwa na yeye vyeusi, juu ya ubao niliouchora mwenyewe, na huyo mtu alikuwa mwizi. Ukigeuka kukohoa, kisoda chako kimoja kimehama. Ukimshika anasema, "Kwani hakikuwa hapo?" kwa uso mkavu kabisa. Na huyu huyu ndiye ambaye kwa kompyuta hangeweza kukudanganya hata ukimlilia. Na tena, niliwahi kupita nyumbani kwake Gatwekera nikiwa na safari ya huko, nikakuta waya za stima zimening'inia uchi juu ya kitanda chake, zimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mtu anayeogopa stima ya nguo! Nikamwambia, akasema hizo anazijua tabia.

Neno lake lilikuwa "huenda." Hakuwa na lingine. Kompyuta imekufa kwa nini, fundi? Huenda ni memori. Itapona? Huenda. Mvua itanyesha? Huenda. Vijana wa hapo walikuwa wanamwigiza akipita, "Huendaaa!" na yeye anacheka nao. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna siku hilo neno nusura limtoe mtoto wangu kazini.

Nafula ndiye kitinda mimba wangu. Alikuwa anafanya kazi kwa saiba moja huku Gatina, hapo hapo Kawangware, chini ya ploti ya ghorofa, mahali watu wanaandikiwa barua za kazi na kujaziwa fomu za serikali. Viti vya wateja, yale mabenchi ya mbao, nilitengeneza mimi, na ndiyo maana nilikuwa na ruhusa ya kukaa kwa baraza yao mchana kutwa. Mwenye saiba tulimwita Mama Shiru. Mama mchapa kazi, mkali, na aliyependa kitu kipendeze. Mwaka ulipoanza aliamua duka lake lifanane na ofisi za mjini. Akatandika kapeti ya manyoya ya plastiki. Akanunua kiti cha magurudumu, akakivalisha kitambaa cha manyoya pia. Akamnunulia Nafula koti refu la nailoni la rangi ya samawati. Nafula alipendeza, siwezi kusema uongo. Nilimwona kama daktari.

Halafu kompyuta yake ikaanza kuzima. Ile yake tu. Anaandika, anashika sipiyu, lile sanduku la mashine, kuweka flashi, kioo kinakuwa cha bluu, kazi yote imepotea. Za wateja ziko sawa. Ilikuwa kile kiangazi cha Januari, vumbi linaingia mpaka kwa chai, na watu wakisalimiana na Nafula wanaruka: "Woi! Umenipiga shoti!" Kwanza ilikuwa mchezo. Kanisani kwetu, tunapovaa kanzu nyeupe na kupiga ngoma, mama mmoja alimshika mkono akasikia tap, akapiga yowe katikati ya wimbo. Jumapili iliyofuata walimpungia tu kwa mbali. Mtoto amesimama na mkono wake, kila mtu anampungia kama yuko ndani ya gari linaloondoka.

Kilichoharibu mambo kabisa ni kitabu cha mazishi. Familia moja ilikuwa inasafirisha mwili kwenda magharibi kesho yake. Nafula alikuwa amemaliza kuandika maisha ya marehemu, picha imewekwa, nyimbo zimepangwa, anataka kuchapisha. Akagusa sipiyu. Bluu. Kurasa zote zimeenda. Mama Atieno, ambaye anapika chapati mbele ya saiba na haogopi mtu, akasema huku akigeuza chapati:

"Marehemu amemkataa huyo msichana."

Jioni hiyo Mama Shiru aliniita kando. "Baba Nafula, mimi sina ubaya. Lakini wateja wanauliza kama ni yeye atawaandikia. Nimeita yule fundi wa Kibera. Akiona mashine haina shida, basi shida ni mtu."

Usiku sikulala, nilikuwa nasikia bangili.

Fundi akaja, akashika chuma cha dirisha, na hakufungua kompyuta. Aliketi kwa benchi langu siku nzima kama mtu anayengojea haki yake. Alimwangalia Nafula akiinuka, akiketi, akisukuma kile kiti juu ya kapeti kwenda kwa printa na kurudi. Akampa kijikaratasi akamwambia aandike kila mara mashine ikizima: saa ngapi, amevaa nini, ametoka wapi, jua au mawingu. Mama Shiru anapita akisema, "Fundi, nimekuita utengeneze ama uangalie sinema?" Anajibu, "Naangalia, mama."

Siku ya tatu alisoma ile karatasi. Akamwambia Mama Shiru, "Vaa hilo koti lake."

"Mimi?"

"Wewe. Ukae kwa hicho kiti. Jisukume uende kwa printa, urudi, halafu uguse hapa."

Watu wakajaa mlangoni. Mama Atieno akaja na mwiko mkononi. Mama Shiru akajisukuma akaenda, akarudi, akagusa. Hakuna kitu. Akarudia. Hakuna. Nafula alikuwa ameegemea ukuta akiangalia viatu vyake. Mara ya tatu Mama Shiru, kwa hasira, alijisukuma kwa nguvu sana mpaka akagonga ukuta, akarudi akinyoosha kidole. Tap! Tulisikia sisi wote. "Uuuwi!" akapiga kelele, na kioo kikawa bluu.

Mlango mzima ulicheka. Kijana mmoja akasema, "Mama Shiru, marehemu amekukataa pia!"

Mimi nikasimama. Nikamwambia fundi, "Sasa sema. Sema mbele ya hawa watu kwamba ni koti na kapeti, si mtoto wangu."

Akakuna kidevu. "Huenda, mzee."

"Huenda nini! Si tumeona?"

"Tumeona mara moja kati ya tatu. Huenda ni stima ya nguo, nailoni ikisugua manyoya. Huenda memori imelegea. Na hii soketi haina waya wa ardhi, stima ikiruka haina pa kwenda, kwa hivyo huenda ni hiyo."

Kama ningekuwa na randa mkononi siku hiyo ningemranda mdomo. Unamwona mtoto wa mtu anazama, una kamba, na unasema huenda ni kamba! Lakini alifungua mashine akasugua memori kwa raba yake. Akakaza skrubu. Akamwambia Mama Shiru akunje kapeti, amnunulie msichana koti la pamba, amwekee benchi la mbao. Saiba ikawa na benchi lingine langu, hapo sikulalamika. Na nyuma ya ploti akachimba shimo, akagongelea chini kipande cha nondo kilichobaki kwa mjengo, akafunga waya, akauingiza ndani kwa dirisha mpaka kwa soketi.

Nikamwambia, "Fanya moja moja, tujue ilikuwa gani."

"Mzee," akasema bila kugeuka, "wewe unataka kujua, ama unataka msichana afanye kazi?"

Kuna maswali ambayo mtu hajibu, anaenda kutafuta chai.

Akamwachia Nafula maagizo: ardhi ikikauka nondo haifanyi kazi, kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kufungua, amwage maji hapo chini. Kopo moja. Halafu akaenda zake Kibera.

Sasa fikiria wewe jirani. Kuna msichana watu wanasema ana mkosi. Amekuja mwanamume asiyesalimu kwa mkono, amechimba shimo nyuma ya nyumba, amefukia kitu. Na sasa huyo msichana kila asubuhi, kabla hajaongea na mtu, anaenda pale nyuma peke yake na kopo, anainama, anamwaga maji chini. Ningekuwa mimi jirani ningesema nini? Ningesema vile Mama Atieno alisema.

"Amefukia dawa! Na anainywesha!"

Kabla wiki haijaisha ilikuwa imefika kanisani. Mashine haikuwa imezima hata mara moja, lakini sasa hilo ndilo lilikuwa ushahidi. Kama si dawa, imepona vipi? Mama Shiru akamwambia Nafula akae nyumbani kwanza, "mpaka watu watulie." Nilijua hiyo sentensi. Amu yangu alimwambia mke wake wa pili hiyo hiyo.

Nilimpigia fundi. Alikuwa na kasimu kale kadogo ka tochi, kompyuta za watu kumi anaziponya na yeye mwenyewe anaishi na tochi. Nikamwambia yote. Akasikiliza, akasema, "Nakuja," na nikajua atakuja kwa miguu, na nikahesabu saa.

Alipofika hakuingia saiba. Alienda moja kwa moja kwa Mama Atieno, akasimama mbele ya jiko lake.

"Mama, niazime sepetu."

"Ya nini?"

"Twende tufukue hiyo dawa. Wewe utaona wa kwanza."

Mama Atieno hakutaka, lakini watu walikuwa wanaangalia, na yeye haogopi mtu, kwa hivyo ilibidi. Fundi akachimba polepole, akitoa udongo kwa mikono, mpaka nondo ikatokea nusu, na waya umefungwa. Akampa Mama Atieno akague. Mama akaishika kwa ncha ya leso. Akainusa.

"Hii ni chuma ya mjengo," akasema.

"Ndiyo."

"Hakuna kitu kingine chini?"

"Chimba."

Alichimba, Mama Atieno. Alipata kisoda kimoja na mfupa wa kuku. Mfupa ulileta maneno kidogo, mpaka kijana wa ghorofa ya pili akakubali kwamba yeye ndiye hutupa mifupa dirishani. Fundi akarudisha nondo, akaigonga ikaingia, akafukia. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, na miaka yangu yote, nisingelifikiria. Hakuhubiri. Hakueleza stima. Alimwambia Mama Atieno:

"Mama, huyu msichana asimwage tena. Wewe ndiye uko hapa mapema kuliko wote. Umwage wewe."

"Mimi niinyweshe?"

"Maji ya kuoshea sufuria yanatosha. Kama ni dawa, itakuwa dawa yako."

Watu wakacheka, Mama Atieno akacheka, na akicheka anatikisika mpaka meza ya chapati inatikisika. Alienda akachukua beseni lake la maji ya unga, akayamwaga pale chini mbele yetu sote, akapangusa mikono. "Ikue basi," akasema. Na mtu hawezi kumshtaki jirani kwa kitu anachokimwagilia mwenyewe kila asubuhi. Siku iliyofuata Nafula alikuwa kazini na koti la pamba.

Nilimuuliza fundi siku hiyo kama alipanga vile tangu njiani. Mnajua alichojibu.

Alikuja tena mara moja, na hiyo ndiyo ninayotaka kumalizia. Masika yalikuwa yameshuka, ardhi yote imelewa maji, na Mama Atieno bado anamwaga beseni lake juu ya matope, ukimwambia mvua imenyesha anasema kila mtu na kazi yake. Fundi aliitwa kuangalia printa iliyokuwa inakula karatasi. Alimaliza mapema. Tukacheza drafti, akaniibia kisoda, nikamwachia. Nikamwambia, "Fundi, tuko wawili tu. Ilikuwa koti?"

Akafikiria kwa muda mrefu, mtu angedhani yuko njiani anatembea.

"Tangu hapo imezima?"

"Hapana."

"Huenda ilikuwa koti," akasema. "Huenda sasa ni mvua. Kiangazi kikirudi ndiyo mtajua."

Akasimama, akachukua kopo lake la biskuti. Nafula alikuwa ametoka kumuaga. Tangu zile siku alikuwa na desturi: kabla ya kumkaribia mtu anapitisha kiganja kwa chuma cha dirisha. Hata mimi babake. Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea pale.

"Wacha chuma," fundi akamwambia. Akaweka kopo chini kwa matope, akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Nisalimie hivyo tu."

Nafula aliniangalia. Nilikuwa sijawahi kuona huo mkono ukinyooka kwa mtu. Akaushika polepole, amekunja uso kama anayeingia maji baridi. Walisimama hivyo, wameshikana, mimi nasubiri tap.

"Umesikia kitu?" nikamuuliza fundi.

"Nimesikia mkono," akasema.

Akaokota kopo, akalipangusa matope kwa suruali. Boda boda wa kwa kona akamwita, "Fundi, panda nikupeleke!" Akainua mkono kama anafukuza nzi. Tulimwona akiruka dimbwi moja, la pili akalizunguka, akashika njia ya kwenda Ngong Road. Hakurudi tena.